Sweta ya Viporo vya Nyuzi

Wazee wetu walinena, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Mithali hii twaijua sote, na watoto wetu huiandika katika madaftari yao ya shule, walakini mara nyingi twaisema kwa midomo tu, na mikono yetu hufanya kinyume chake. Nguo ikichakaa kidogo twaigeuza kitambaa cha kufutia sakafu. Uzi ukibaki, watoto huuchezea mpaka ukapotea matopeni. Tena, hata pale tunapoyaweka masalio, twayaweka kwa ajili ya kumpa maskini, tukidhani kwamba kwa kuwa yeye hana kitu, basi lolote lamfaa. Neno hili la mwisho ndilo nitakalo kuliandika mwezi huu, nami nitalieleza kwa njia ya kazi moja niliyoifanya kwa mikono yangu, yaani kufuma sweta kwa nyuzi zilizobaki za watu wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika nchi ya Njombe, kusini mwa Tanzania. Mji wa Njombe upo karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, ulio upande wa magharibi yetu, sehemu yake kubwa yapita meta 2,500. Msomaji wa Pwani akisikia neno baridi hufikiri upepo wa alfajiri, ambao jua likichomoza husahauliwa. Kwetu sivyo. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu hushuka usiku ukakaa juu ya nyumba mpaka saa nne ya asubuhi, na katika mabonde jalidi huanguka juu ya majani ya viazi, yakanyauka yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Katika ukungu huo watoto hutembea kwenda shule. Mtoto mwenye sweta hufika akitetemeka kidogo, kisha akakaa akasoma. Asiye nayo hufika amekunja mikono kifuani, na vidole vyake haviwezi kushika kalamu mpaka saa ya mapumziko. Wengine hawafiki kabisa. Mwalimu akiitazama daftari ya mahudhurio ya mwezi wa Julai aweza kujua, bila kuuliza, ni nyumba zipi zisizo na nguo nzito.

Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi wa kike katika darasa la tano, mwenye umri wa miaka 11. Alikaa na bibi yake, mzaa mama, katika nyumba moja mwisho wa kijiji. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na katika kusoma hakuwa mbaya. Lakini baridi ilipoanza akakosa siku mbili katika juma, kisha siku tatu. Nilistaajabu, kwa maana nilijua ya kuwa sweta alikuwa amekwisha kupewa. Miezi michache kabla ya hapo wageni fulani walikuja na mzigo wa nguo, wakazigawa mbele ya shule nzima. Jina lake likaitwa, akatoka mstarini, akapewa sweta ya mtu mzima iliyofumuka viwikoni, na mmoja wa wageni akampiga picha akiwa ameishika. Nikaenda kwa bibi yake kuuliza. Yule bibi akanionyesha ile sweta chini ya kitanda, imekunjwa vizuri, haikuvaliwa hata mara moja.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilimlazimisha. Akavaa mpaka mlangoni, akaivua. Anasema wenzake wanamwita kwa jina la mzigo ule."

Nilirudi nyumbani nikilifikiri jambo hili. Wale wageni hawakuwa na nia mbaya. Walisafiri mbali, na walitoa walichokuwa nacho. Lakini mtoto yule alipewa pamoja na sweta tangazo la umaskini wake, na kati ya tangazo lile na baridi, yeye alichagua baridi. Wazee walisema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Naona nguo ya kudhalilishwa nayo haisitiri pia, hata kama ni nzito namna gani.

Basi nikaazimu kumfumia sweta mimi mwenyewe. Kufuma nalijifunza kwa mama yangu, aliyefuma kwa sindano za spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Wako wanaume wenzangu walionicheka, wakisema kwamba sindano ni kazi ya kike. Niliwajibu kwamba zamani katika miji ya Ulaya vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vyama vya wanaume, na kijana alifanya kazi miaka mingi chini ya fundi kabla ya kuitwa fundi yeye mwenyewe. Tena hata katika Pwani yetu wako wanaume wanaoshona kofia za viua. Hawakunicheka tena, au kama walicheka, walicheka nisiposikia.

Lakini uzi ulikuwa wapi? Uzi mpya wa sufu dukani ni ghali kwa mshahara wa mwalimu. Ndipo nikasikia habari za mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu aliyefundisha maarifa ya nyumbani miaka mingi, ambaye watu wote humwita Mama Mwalimu. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unafuma. Keti."

Akaniletea gunia la viporo vya nyuzi. Mlikuwamo madonge makubwa na madogo, mengine yenye karatasi zake ambazo uzito wake ulikuwa bado umeandikwa kwa wakia, nasi twapima kwa gramu siku nyingi sasa. Wakia moja ni kama gramu 28. Mlikuwamo pia mikono ya sweta kuukuu, tayari kufumuliwa. Akasema, "Macho yangu hayahesabu vitanzi tena. Chukua vyote. Ila huu, niachie." Akatoa gunini furushi dogo lililofungwa kwa kitambaa, akalirudisha katika sanduku lake, wala sikumwuliza ni la nini.

Kabla ya kuendelea, nataka msomaji ajue ya kuwa kufuma kwa masalio si kazi ya maskini wa Afrika peke yao. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliweka mgawo wa nguo tangu tarehe 1 Juni 1941, na kila mtu mzima alipewa tikiti 66 kwa mwaka wa kwanza. Hata uzi wa kufumia ulihitaji tikiti. Mgawo huo haukuondolewa mpaka mwaka 1949. Katika miaka hiyo wanawake wa Uingereza, matajiri kwa maskini, walifumua sweta kuukuu za waume zao wakawafumia watoto, na mwaka 1943 serikali yenyewe ilitoa kitabu kidogo cha kuwafundisha watu namna ya kuzitengeneza upya nguo zilizochakaa. Vivyo hivyo, katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Fair Isle, ambako wafumaji hutumia rangi mbili tu katika kila safu, kisha hubadilisha rangi hizo safu baada ya safu, hata kazi nzima ikawa na rangi nyingi. Kazi ya namna hii yaweza kula vidonge vidogo vya uzi ambavyo havitoshi kitu kingine. Mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alivaa sweta ya kisiwa hicho akicheza gofu, na tangu hapo watu wakubwa wakaitafuta. Na sweta ya kufunguka mbele yenye vifungo, ambayo Waingereza huiita kadigani, ina jina la mkuu mmoja wa jeshi, James Brudenell, Earl wa Cardigan, aliyewaongoza wapanda farasi katika mapigano ya Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Hapana aibu, basi, katika kazi yenyewe wala katika uzi uliobaki. Aibu hutoka mahali pengine, kama nilivyokwisha kueleza.

Sasa nitaeleza namna nilivyofanya, maana huenda msomaji mmoja akataka kufanya vile vile.

Kwanza nilizichagua nyuzi. Gunia lote lilikuwa na gramu 790 kwa mizani ya dukani. Nikauvuta kila uzi kwa mikono miwili, kila mahali palipoonekana pembamba. Uliokatika kwa urahisi, au ulioliwa na nondo, nikauweka kando. Nondo mwenyewe anayeruka hali nguo. Wanaokula ni viwavi wake, nao hupenda sufu chafu iliyokaa gizani. Kwa hiyo mtu mwenye sufu ya kuweka akiba na aifue kwanza, aikaushe, na mara kwa mara aitoe nje aikung'ute, maana viwavi wale huikimbia nuru. Zilizoharibika zilikuwa gramu 120, zikabaki gramu 670.

Pili nilizijaribu kwa moto. Nikachukua kipande cha kila uzi, urefu wa kidole, nikakishika kwa koleo juu ya mshumaa. Uzi wa sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, na ukiondolewa motoni huzimika wenyewe, ukaacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Uzi wa viwandani uitwao akriliki, ambao asili yake ni mafuta ya petroli, huyeyuka na kudondoka, kisha huganda ukawa kijiwe kigumu cheusi. Jambo hili si la mchezo. Watoto wa nchi ya baridi huota moto jikoni, wakainyosha mikono karibu na mafiga. Na akriliki ikishika moto huyeyuka juu ya ngozi. Nikaazimu kwamba sweta ya yule binti iwe ya sufu tupu, hasa vifundoni mwa mikono. Sufu ina wema mwingine tena: huweza kuvuta unyevu hata karibu theluthi ya uzito wake, na mvaaji asione kwamba amelowa, na katika ukungu wetu hiyo ni faida kubwa.

Baada ya kujaribu nikaona kwamba katika gramu 670, sufu ilikuwa gramu 230 tu: gramu 190 za buluu ya kuiva, na gramu 40 nyekundu. Zilizobaki, gramu 440, zilikuwa akriliki za rangi zote. Hizo hazikutupwa, wanafunzi wa darasa la sita walizifuma kofia, nasi tukawaonya wasizikaribishe na moto. Lakini kwa sweta hazikufaa. Nikaazima sweta ya mtoto mwingine wa kimo kile kile, nikaipima, nikaikuta na gramu 330. Sufu yangu ya buluu haikutosha, na sufu nyekundu sheria ya shule haikuikubali, kwa sababu sare yetu ni ya buluu.

Siku chache baadaye Mama Mwalimu akaniuliza habari za kazi, nami nikamweleza hesabu yangu kama ilivyo. Hakujibu. Akainuka polepole, akafungua sanduku, akatoa lile furushi. Ndani yake mlikuwamo sufu nyeupe, laini, uzi wa kufumia nguo za mtoto mchanga, mwingi kuliko nilivyodhani.

"Niliununua mwaka 1974," akasema. "Nilikuwa natazamia mtoto. Alizaliwa, akakaa nasi siku tatu. Nikasema nitaufuma siku nyingine."

Nikanyamaza. Kisha akaniuliza, "Huyo binti ana umri gani?"

"Miaka 11, mama."

"Basi anahitaji nguo kubwa. Chukua."

Nikaona sina haki ya kuuchukua bila kumweleza yote. Nikamwambia kwamba uzi mweupe hautapita shuleni, na kwamba sharti niutie rangi iliyo karibu na nyeusi. Tena kwamba ni mwembamba, nami nitauunganisha nyuzi mbili pamoja, hata hautatambulikana tena. Akautazama kitambo, kisha akacheka kidogo. "Na nywele zangu zilikuwa nyeusi, zikageuka rangi bila kuniuliza. Utie rangi. Neno moja tu nakuagiza, Mwalimu: usiufume kwa haraka."

Niliuchagua uzi ule kwa uangalifu kuliko mwingine wote. Kwa kuwa alikuwa akiufua na kuuanika kila mwaka, miaka yote ile, nondo hakuugusa sana. Nikapata gramu 150 nzima.

Rangi yenyewe tunayo mlangoni petu. Nchi ya Njombe ina miti mingi ya miwati, na kampuni iliyoanzishwa hapa mwaka 1949 ilitoa katika magome yake dawa ya kutengenezea ngozi. Dawa hiyo ya gome, ikikutana na kutu ya chuma, hugeuka nyeusi. Nikaponda magome, nikayachemsha katika sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, nikayachuja, nikatia maji ya misumari yenye kutu. Sufu haipendi kushtuliwa: ukiitoa katika maji baridi ukaitia katika maji ya moto, au ukiisugua ikiwa na joto, hushikamana na kusinyaa, isirudi tena. Kwa hiyo niliitia rangi ingali vuguvugu, nikaipasha moto polepole, nikaiacha ipoe humo humo mpaka asubuhi. Ikatoka ya kijivu cheusi, kama wingu la mvua kabla ya kunyesha.

Sasa nilikuwa na gramu 190 za buluu na gramu 150 za kijivu, jumla gramu 340, na haja yangu ilikuwa 330. Mtu aweza kusema kwamba nifume buluu mpaka iishe, kisha niendelee na kijivu. Lakini hiyo ndiyo sweta ambayo kila aionaye husema, "Uzi ulimwishia." Nikafanya hesabu ya uwiano kama tunavyowafundisha watoto: 190 kwa 150 ni karibu 5 kwa 4. Nikapanga milia, safu 10 za buluu na safu 8 za kijivu, toka pindo la chini mpaka bega, mbele na nyuma na mikononi sawasawa. Kwa njia hii rangi mbili huisha karibu wakati mmoja, na mwenye kuiona hudhani kwamba milia ilitakiwa tangu mwanzo. Nikafuma kipande kidogo nikampelekea mwalimu mkuu. Akakitazama kwa miwani yake, akasema kwamba milia ya kijivu haivunji sheria.

Nikamwita yule binti pamoja na bibi yake, nyumbani kwangu, si shuleni. Sikumwambia, "Nataka kukupa sweta." Nilimwambia, "Nina kazi ya kufuma, nami nahitaji mtu wa hesabu." Akapima kifua chake mwenyewe kwa utepe: sentimeta 70. Tukaongeza 8 kwa ajili ya kukua na kupumua, ikawa 78, na nusu yake, yaani upande wa mgongo, 39. Akahesabu vitanzi katika kile kipande nilichofuma, akapata 22 kwa kila sentimeta 10. Akaandika: 22 mara 39, gawanya kwa 10, ni 85.8. "Basi 86, Mwalimu," akasema, "kwa maana hakuna kitanzi kisicho kizima." Nilifurahi moyoni, kwa kuwa alikuwa hajasema maneno mengi namna ile tangu baridi ianze.

Sindano nilichonga kwa mianzi mikavu, unene wa milimeta 4, nikazilainisha kwa kipande cha chupa na kisha kwa msasa. Jioni alikuja na bibi yake. Yeye akakunja uzi kuwa madonge, mimi nikafuma, na bibi akatusimulia habari za zamani. Baada ya juma moja akajua kitanzi cha upande wa mbele na cha upande wa nyuma, nami nikampa mapindo ya kufuma, viwili mbele na viwili nyuma, yale yanayonyumbuka. Nyuzi ziliunganishwa bila fundo: ncha mbili za sufu huchambuliwa, hulowekwa kidogo, kisha husuguliwa kwa viganja mpaka zikashikana zikawa uzi mmoja. Alipoujua ujanja huu aliutafuta uzi uliokatika kwa makusudi, apate kuuunga.

Nilichagua sweta ya kufunguka mbele kwa sababu mtoto aweza kuifungua jua likitoka asiivue yote na kuisahau njiani, na kwa sababu kifua kikipanuka, vifungo vyaweza kusogezwa. Mikono niliianzia begani kushuka chini, pindo likawa la mwisho. Twasoma habari za Hana, jinsi alivyomtengenezea mwanawe Samweli kanzu ndogo kila mwaka. Bila shaka kila mwaka ilimbidi kukisia mtoto amekua kiasi gani. Mimi sikutaka kukisia. Mwaka ukipita, pindo la mkono hufumuliwa, safu kadhaa zikaongezwa, kisha pindo likafumwa tena. Gramu chache zilizobaki tulizikunja katika karatasi kwa kazi hiyo.

Yalibaki mambo mawili. La kwanza ni vifungo. Nilikuwa tayari kuvinunua, lakini bibi yake akaja na vifungo 6 vyeusi, vya koti la marehemu mumewe. "Nyumba yetu nayo ina kitu," akasema. Nikavipokea kwa mikono miwili. La pili ni ule uzi mwekundu. Binti akauliza kama waweza kuingia mahali ambapo mwalimu mkuu hataona. Tukafuma ukanda mwembamba, tukaushona kwa ndani ya shingo na nyuma ya safu ya vifungo. Sweta ikifungwa, hauonekani. Mwenye kuivaa peke yake ajua kwamba upo.

Kazi ilichukua majuma saba. Mtu mwenye mashine angeimaliza kwa siku moja, nami sina ugomvi na mashine. Lakini katika majuma yale saba ile sweta ilikwisha kuwa yake kabla haijavaliwa. Haikukabidhiwa mbele ya watu. Ilipokauka, imetandazwa kivulini juu ya mkeka, aliivaa akaenda zake nyumbani. Mama Mwalimu alikuwa amemwona njiani, akamsimamisha, akaigusa sufu ya kijivu kwa vidole viwili, akamwambia, "Imekukaa vizuri, mwanangu," wala hakusema neno jingine. Habari hizi naziandika kwa ruhusa yake.

Siku ya Jumatatu binti alifika shuleni katika ukungu mzito. Wakati wa mapumziko nikawasikia wenzake wakimwuliza sweta ile imenunuliwa duka gani, na kwa bei gani. Akawajibu, "Tumeifuma." Katika mwezi ule wote daftari ya mahudhurio haikuandikwa alama ya kukosa mbele ya jina lake ila mara moja, siku alipompeleka bibi yake zahanati.

Ndugu zangu, katika kila kijiji yako masalio: nyuzi, vitambaa, mbao, na hata saa chache za jioni ambazo mtu hajui azifanyie nini. Na katika kila kijiji wako wanaohitaji. Tusidhani kwamba tukivikutanisha hivi viwili kwa haraka, kazi imekwisha. Kitu kilichobaki chahitaji kazi nzuri kuliko kitu kipya, kwa sababu kitu kipya chajipendeza chenyewe. Anayepewa na aulizwe kipimo chake, na rangi aipendayo. Apewe nafasi ya kutia mkono wake, na nyumba yake itie kifungo chake. Na tukabidhi kimya, mahali pasipo na mstari wala picha.

Mwenye uzi uliolala sandukuni, na autazame kabla nondo hajautazama. Juni haiko mbali.